Kopo Tupu Ndani ya Kishikwambi

Kila asubuhi, baada ya swala ya alfajiri na kikombe cha chai ya rangi, Raya alikuwa na kazi moja kabla ya kwenda shule. Alimtilia mama yake uzi kwenye sindano za kumtosha kutwa nzima. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka, ingawa mikono yake ilikuwa bado. Mama huyo aliitwa Mwanaharusi, fundi cherehani mwenye fremu ndogo pale Mkuyuni karibu na soko, na tangu baba yake Raya alipofariki, cherehani ile ndiyo iliyowalisha.

"Bismillahi," mama alisema kila sindano ilipopata uzi. "Haya, mwanangu, nisogezee kopo la vifungo vya shule."

Chini ya meza yalipangwa makopo yaliyokuwa ya maziwa ya unga. Kila kopo lilibandikwa jina: vifungo vya shule, vifungo vya kanzu, zipu, ndoano. Raya ndiye aliyeyaandika majina yale kwa mwandiko wake mzuri. Alikuwa darasa la sita, mwepesi wa kichwa, na kama ilivyo kwa wengi walio wepesi wa kichwa, alikuwa mwepesi wa mdomo pia.

Getini mwa shule alikutana na Mashimba, mvulana wa darasa lake. Mashimba alihamia Mkuyuni na wazazi wake kutoka kijiji kimoja upande wa Misungwi. Kisukuma alikinyonya pamoja na maziwa ya mama yake; Kiswahili alikikuta mbele ya safari, na herufi r ilikuwa haijakubali kukaa kwenye ulimi wake.

"Habali za asubuhi, Laya?" alisalimia.

"Habali zetu nzuli sana, bwana Mashimba," Raya akajibu huku amebana pua.

Faisal, rafiki yake Raya, alicheka hadi akashika tumbo. Na haukuwa mchezo wa siku hiyo tu. Shule nzima ilishamwita Mashimba "Habali". Hata watoto wa darasa la awali walipomwona walipiga kelele, "Habali! Habali huyoo!" Naye alicheka pamoja nao. Lakini mtu aliyemtazama vizuri angeona kwamba kicheko kile kiliishia kwenye meno. Raya hakuwahi kumtazama vizuri.

Watatu hao walikuwa wanachama wa klabu ya kompyuta ya Mwalimu Wilhelmina. Muhula ule klabu ilipewa kazi ya maana. Nesi Teodora wa zahanati alikuwa amekuja kugawa vidonge vya kichocho, ugonjwa unaowapata sana watoto wanaooga na kuchota maji ziwani. Siku ya ugawaji watoto wengi hawakuwepo. Baadhi walikuwa msibani na wengine walikuwa wagonjwa. Wapo pia waliosikia kwamba vidonge ni vikubwa, wakajificha huko juu kilimani, kwenye mawe. Nesi aliahidi kurudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo dawa zilizobaki zingepelekwa kata nyingine.

"Nipeni majina yao na mnielekeze nyumba zao," alisema. "Kule kilimani hakuna namba za nyumba. Nikipanda peke yangu nitaishia kuongea na mbuzi."

Ndipo Mwalimu Wilhelmina akaamua wanafunzi watengeneze programu. Wangeiandika mara moja, kisha wangeiandaa ifanye kazi kwenye kompyuta ya shule na pia kwenye kishikwambi chake, kile kibao cha kioo alichotumia kufundishia.

"Programu isiyo na kumbukumbu ni kama mtu anayesahau jina lako kila anapolala," aliwaambia. "Kwa hiyo inahitaji kanzidata, mahali pa kutunza habari. Kanzidata kubwa ni kama ghala lililo mbali. Kulifikia lazima upite njia, na njia yake ni mtandao. Je, kule kilimani kuna mtandao?"

"Unakuja na kuondoka kama paka wa jirani, Mwalimu," Faisal alisema, na darasa likacheka.

"Ndiyo maana tutatumia kanzidata ndogo na nyepesi, inayokaa ndani ya programu yenyewe. Yote ni faili moja tu. Haihitaji mtandao wala mlinzi wa ghala. Uiweke kwenye kompyuta au kwenye kishikwambi, faili ni la namna ileile."

"Kama kopo la vifungo la mama," Raya akasema. "Analo chini ya meza, haendi dukani kila akitaka kifungo."

"Hapo hapo!" Mwalimu alifurahi. "Kopo la vifungo. Sasa, kila kopo lina jina. Hili letu tuliiteje?"

Mashimba alinyanyua mkono. "Tuliite habali, Mwalimu."

Benchi la nyuma lilipasuka kwa vicheko. Mwalimu aligonga meza. "Nyamazeni. Habari ni jina zuri. Mashimba, wewe utaandika sehemu ya kuingiza majina, na faili utaliita hivyo. Raya, wewe utaandika sehemu ya kutafuta. Na mkifanya majaribio, msichanganye majina ya uongo na ya kweli. Fungueni kopo jingine la majaribio. Mkimaliza, mrudishe jina la kopo letu."

Mashimba alimaliza sehemu yake mapema. Kisha, kwa kuwa alizijua njia za kilimani na aliweza kuongea Kisukuma na bibi zao wale watoto, yeye ndiye aliyetumwa akiwa na kishikwambi chenye sehemu yake hiyo. Kila Jumamosi alipanda kwenye mawe makubwa kwa miguu, akaingia nyumba hadi nyumba, akaandika: mtoto fulani, darasa fulani, nyumba iliyo nyuma ya jiwe lenye ufa, mzazi amekubali. Alikibeba kishikwambi ndani ya shati kama mtu aliyebeba mayai.

Raya yeye alibaki chumba cha kompyuta, kwenye kivuli. Sehemu ya kutafuta ilimsumbua, lakini aliimaliza. Kwa majaribio alifungua kopo jingine kama Mwalimu alivyoagiza, akalipa jina lililomfanya Faisal aanguke kwenye benchi kwa kicheko. Akaingiza majina ya kubuni, akatafuta, akayapata. Kengele ya kutoka ililia akiwa bado anacheka.

Jumatano Mwalimu aliiweka programu mpya ndani ya kishikwambi, juu ya ile ya zamani. Wanafunzi wote wa klabu walizunguka meza. Raya aliandika jina la mtoto mmoja, akabonyeza "Tafuta" kwa kidole cha mtu anayefungua zawadi.

Skrini ikaandika: Hakuna kumbukumbu.

"Umeandika vibaya," Faisal alisema.

Raya aliandika tena. Hakuna kumbukumbu. Akafuta jina, akatafuta wote kwa pamoja. Hakuna kumbukumbu. Alikizima kishikwambi, akakiwasha, akasubiri kile kialama kinachozunguka, akabonyeza tena. Hakuna kumbukumbu.

"Labda programu yako ina kasoro," mtoto mmoja alisema.

"Yangu haina kasoro!" Raya alirukia kompyuta. "Njooni muone." Akaifungua programu ileile kwenye kompyuta, akabonyeza "Tafuta". Majina yake ya majaribio yakajipanga yote. "Mmeona? Programu ni ileile moja. Hapa inafanya kazi. Kwa hiyo programu ni nzima, kumbukumbu za kwenye kishikwambi ndizo zimefutwa. Na kishikwambi alikuwa nacho nani?"

Macho yote yakamgeukia Mashimba.

"Mimi sikufuta kitu," Mashimba alisema taratibu. "Juzi nilipolejesha, majina yalikuwemo. Niliyaona."

"Ulipolejesha!" Faisal akaiga.

"Labda uligusa mahali usipopajua," Raya alisema. "Mtu aliyezoea ng'ombe ukimpa kioo..."

"Raya!" Mwalimu alimkatisha. Lakini naye uso wake ulikuwa umekunjamana. Aliona kazi ya mwezi mzima imepotea na nesi anakuja keshokutwa. Akashusha pumzi. "Mashimba, kwa sasa usikiguse tena kishikwambi. Kaa nje ya chumba cha kompyuta mpaka tujue kilichotokea."

Mashimba alichukua daftari lake, akatoka.

Siku iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Raya aliruhusiwa kukaa na programu tangu mapumziko ya saa nne, na kila alichojaribu kilimrudishia maneno yaleyale mawili. Alibadilisha rangi ya vitufe, kana kwamba rangi ndiyo iliyokula majina. Alifuta mistari mizuri akaiandika upya. Mara umeme ukakatika, na aliyoyaandika bila kuyahifadhi yakaenda na maji. Uliporudi aliyaandika tena, akakosea, programu ikagoma hata kufunguka. Faisal alisimama nyuma yake akitafuna muwa.

"Sasa je?" aliuliza.

"Ukiniuliza 'sasa je' tena nitakutia huo muwa sikioni!"

"Mie nauliza tu."

"Kaulizie nje!"

Alipofika kwenye fremu ya mama yake jioni ile, alirusha begi chini kwa kishindo. Mama alimtazama juu ya miwani. Raya akachukua sindano atie uzi. Uzi ulipita pembeni mara hii na mara ile, na mwishowe akauvuta kwa hasira ukakatika.

"Uzi hauna ugomvi na wewe," mama alisema.

"Ni yule mvulana, mama. Amefuta majina yote, na ni muongo, anasema hakufuta. Sasa mimi ndiye ninayehangaika."

"Ulimwona akifuta?"

"Nani mwingine angefuta?"

"Nimekuuliza kama ulimwona."

Raya akajifanya anatafuta uzi mwingine. Mama akarudisha macho kwenye kitambaa. "Astaghfirullah. Ushahidi wa jambo ambalo jicho halikuona ni mzigo mzito kuubeba, mwanangu. Uangalie mgongo wako."

Hapo mlangoni pakasimama mwanamke aliyevaa khanga iliyopauka, ameshika mkono wa mtoto wa darasa la pili. Raya hakumjua, ila mtoto yule alishamwona shuleni. Jina lake Mhoja.

"Habali za hapa, dada?" mwanamke alisalimia.

"Nzuri, dada yangu, karibu kiti," mama alijibu.

"Nimeleta sketi ya huyu, imelaluka kwenye mawe. Huyu na kaka yake wananimaliza kwa nguo." Alicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha. "Tena huyo kaka yake, Mashimba, tangu jana hali chakula. Akitoka shule anapanda kilimani na daftali, nyumba moja moja, kuandika tena majina ya watoto. Anasema nesi asije akaondoka na dawa. Namwambia pumzika, anasema, 'Mama, wote wanasema ni mimi.' Hata huyu Mhoja yumo kwenye majina hayo, maana siku ya dawa alikuwa na homa. Na sasa akienda haja ndogo analia."

Mama alimvuta Mhoja akamshika shavu. "Mungu atamponya, insha'Allah. Sketi niachie, mapema wiki ijayo itakuwa tayari."

Raya alikuwa ameganda, uzi mkononi. Lakini si maneno ya mwisho yaliyomgandisha. Lilikuwa neno la kwanza kabisa, lile la salamu. Habali. Lilikuwa likigonga kichwani kama mtu mlangoni.

Habali. Ndilo jina alilolipa kopo la majaribio siku ile Faisal alipoanguka kwenye benchi.

Je, alilirudisha jina la kweli? Alitafuta kichwani mwake, na kila alipotafuta alikuta kengele inalia na yeye anacheka.

"Raya," mama alisema, "mbona umesimama? Niletee kopo la vifungo vya shule, sketi hii imepoteza kifungo."

Raya aliinama chini ya meza, akaleta kopo la kwanza aliloligusa. Mama alifungua kifuniko. Lilikuwa tupu.

"Umeniletea kopo jipya, nililoliosha jana," mama alisema. "Vifungo havijapotea. Vimo kwenye kopo lake, palepale. Soma jina kwanza, mwanangu."

Raya aliangua kilio mbele ya wageni. Mama Mashimba alishangaa, akadhani mtoto ameumwa na mdudu.

Ijumaa Raya alifika shule kabla ya watu. Aliomba ufunguo kwa mlinzi, "Shikamoo babu," akaitikiwa "Marahaba, mbona mapema hivyo?" hata hakusikia. Aliwasha kompyuta, akashuka mstari kwa mstari hadi mahali programu inapoambiwa ni kopo gani la kufungua. Lilikuwa pale, kama alivyoliandika mwenyewe: habali.

Akafungua sehemu aliyoandika Mashimba, ile ya kwanza kabisa, ambayo hakuwahi kujisumbua kuisoma. Alitarajia nini, hakujua. Mashimba alikuwa ameandika: habari. Kwa r, sawasawa, kila mahali.

Raya alikaa akiutazama mstari ule. Ulimi wa Mashimba ulikuwa ukiteleza kila siku, na mkono wake haukuteleza hata mara moja. Ulimi wake yeye ulikuwa umenyooka kama rula, na tazama ulichofanya mkono wake.

Sasa alielewa na mengine. Kanzidata ile nyepesi haikuwa na ubishi. Uliiambia ifungue kopo fulani, na kama kopo hilo halipo, haikusema "halipo". Ilikuletea kopo jipya, tupu, ikatulia. Kwenye kishikwambi ilimletea kopo tupu la habali, na majina yote yakabaki gizani ndani ya kopo la habari. Kwenye kompyuta kopo la habali lilikuwa na majina yake ya majaribio, ndiyo maana alidhani mambo ni mazima.

"Umeipata?" Ilikuwa sauti ya Faisal mlangoni. Alisogea akasoma, akatumbua macho. "Lo! Raya! Ni ile habali yetu!"

"Ni yangu."

"Badilisha haraka, Mwalimu hajafika! Ni herufi moja tu. Futa l, weka r, kisha tuseme imejirekebisha yenyewe. Mambo ya kompyuta, nani atajua?"

Kidole cha Raya kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ilikuwa kweli, nani angejua? Majina yangerudi, nesi angefurahi, Mwalimu angemsifu. Na Mashimba je? Angebaki yule aliyefuta, ambaye Raya alikuja akamwokoa. Pengine hata angeambiwa aseme asante.

Raya aliondoa mkono kwenye kibodi, akauweka chini ya paja, akaukalia kabisa.

"Unafanya nini?" Faisal aliuliza.

"Nangoja Mwalimu. Nataka aikute hivihivi ilivyo."

"Utachekwa shule nzima!"

"Mashimba amechekwa mwaka mzima," Raya alisema, "na bado anakuja shule."

Mwalimu Wilhelmina alipoingia, Nesi Teodora alikuwa nyuma yake na boksi la dawa, na wanafunzi wa klabu walijaa nyuma ya nesi. Mashimba alisimama nje ya dirisha, maana alikatazwa kuingia, daftari lake limebanwa kwapani.

"Jamani, nimekuja," nesi alisema, "na jioni hii boksi hili linaondoka. Mna majina au hamna?"

"Mwalimu, shikamoo. Nesi, shikamoo." Raya alisimama. "Majina yapo. Hayakufutwa. Mashimba hakufuta kitu, mimi ndiye..." Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Naomba msome hapo."

Mwalimu aliinama, akasoma kwa sauti. "Habali." Akasoma tena, polepole. "Jina hili limetoka wapi, Raya?"

"Nililiandika kumcheka Mashimba. Lilikuwa kopo la majaribio, nikasahau kulirudisha. Programu ikawa inafungua kopo tupu. Halafu nikasema ni yeye. Sikumwona akifuta, Mwalimu. Nilisema tu."

Mtoto mmoja alitaka kucheka, akaona hakuna mwenzake, akakohoa.

Mwalimu alikwenda mlangoni. "Mashimba, ingia ndani."

Mashimba aliingia, hajui aangalie wapi.

"Mimi ni mtu mzima na mwalimu wako," Mwalimu alisema mbele ya wote, "na nilikutoa nje kabla ya kusoma mstari hata mmoja wa programu. Nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mwalimu," Mashimba alijibu kwa sauti ndogo.

Raya alimgeukia. Alikuwa ametunga maneno mazuri njiani, na sasa hakulikumbuka hata moja. "Nilikucheka," alisema, "na nikakusingizia. Nisamehe, Mashimba. Kaa hapa, tafadhali. Herufi hiyo irekebishe wewe."

Mashimba alikaa. Alifuta l. Akatafuta r kwenye kibodi, akaibonyeza kwa nguvu kana kwamba anamfinya mtu, na hapo yeye mwenyewe akacheka. Safari hii kicheko kilifika machoni. Mwalimu aliiandaa programu upya, akaiweka kwenye kishikwambi. Kile kialama kikazunguka weee, hadi Raya akaanza kuomba dua chini kwa chini.

"Tafuta," Mwalimu alisema.

Mashimba akabonyeza. Majina yakajitokeza moja baada ya jingine: Mayala, nyumba ya nyuma ya jiwe lenye ufa. Nusrat, juu ya kisima, mbwa mkali. Jonathan, kwa bibi yake, bibi hasikii vizuri, piga hodi kwa nguvu. Na Mhoja.

"'Mbwa mkali'!" nesi alisoma, akaangua kicheko. "Huyu ndiye ninayemtaka. Twende, baba, nioneshe njia."

Walipanda kilimani pamoja. Mashimba alitangulia na kishikwambi, nesi akafuata na boksi, na Raya alikuwa nyuma amebeba ndoo ya maji ya kunywa na vikombe. Jua lilikuwa kali na mawe yalichoma hadi kwenye soli. Ndoo ilimkata viganja, na kila walipofika kwenye jiwe jingine Raya alishangaa: kumbe hapa ndipo Mashimba alipokuwa anakuja kila Jumamosi, na yeye amekaa kivulini akimwita Habali! Mhoja alipomeza kidonge chake alikunja uso, akayanywa maji yote ya kikombe, akaomba mengine. Nesi alimpima, akamwambia mama yake, "Mlete zahanati wiki ijayo nimwangalie tena. Na ziwani asiingie, hata kama ni joto namna gani."

Jumatatu Mwalimu alimpa Mashimba kazi nyingine, kuongeza mstari mmoja kwenye programu. Tangu siku hiyo, ikiambiwa ifungue kopo lisilokuwepo, haikuleta tena kopo tupu. Iliandika: Faili hili halipo. Angalia jina.

"Programu nayo imefundishwa kusema kweli," Mwalimu alisema.

Jioni hiyo Raya alimsimulia mama yake yote, hata yale ya aibu. Mama alisikiliza hadi mwisho, huku mguu wake ukikanyaga cherehani taratibu. Kisha akasimamisha mashine.

"Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema. "Ulidhani neno la kumcheka mwenzio linapotelea hewani. Halipotei, mwanangu. Linakwenda kukaa mahali, na siku moja unalikuta limekungoja. Ulimi wa yule mtoto Mungu ndiye aliyeuumba, na wa kwako vilevile, na hakukupa ulionyooka ili uwachape nao wengine. Kukosea herufi si dhambi. Dhambi ni kumtwisha mwenzio kosa lako. Ila umekiri mwenyewe, mchana kweupe, bila kuvutwa sikio. Kwa hilo namshukuru Mungu, na baba yako angeshukuru." Alimkabidhi sketi ya Mhoja, imeshonwa na kupigwa pasi. "Hii kesho mpelekee kaka yake. Na usimame umsalimie vizuri."

Asubuhi iliyofuata Mashimba alikuwa getini kama kawaida. Faisal alikuwepo, na wale watoto wa darasa la awali walikuwepo wakisubiri mchezo wao.

"Habali za asubuhi, Laya?"

Watoto walimtazama Raya, midomo wazi, tayari kucheka. Raya alimpa Mashimba sketi kwa mikono miwili.

"Nzuri, Mashimba," alisema. "Mhoja ameamkaje?"